Navitimer: Saa ya Rubani Asiyeihitaji Tena

Kapteni aliivua mkononi, akaifuta kwa pindo la shati, akanikabidhi. "Ishike kwanza," akasema, "halafu ndiyo useme."

Bahati mbaya nilikuwa nimeshasema. Muda mfupi kabla, kahawa ikiwa bado ya moto, nilitamka palepale barazani kwake kwamba saa ya milioni ishirini na ushee isiyoweza hata kuhesabu hatua zako ni anasa ya watu waliokosa shida za kutatua. Sikuwa nimetazama mkono wake wa kushoto.

Ilikuwa Breitling Navitimer, saa ya Uswisi. Ina uzito wa haja, uso mweusi, na uso wenyewe umejaa maandishi madogo kama tangazo la mnada gazetini: viduara vitatu ndani, tarakimu pembeni, kisha tarakimu nyingine juu ya hizo tarakimu. Mtu akikuuliza saa ngapi, utaitazama mara mbili kabla ya kumjibu. Kapteni ni rubani mstaafu wa ndege ndogo za abiria, na kwa umri wake mimi ni mtoto, kwa hiyo alinifanyia mtihani kama anavyofanyiwa mtoto.

"Ndege inakunywa lita 36 kwa saa. Safari ni ya dakika 50. Utahitaji mafuta kiasi gani?"

Mkono wangu ukaenda mfukoni.

"Acha simu."

Akaichukua saa yake, akazungusha pete ya nje mpaka 36 ikakaa mkabala na 60 ya mzunguko wa ndani. Kisha akateremsha ukucha mpaka penye 50. Juu yake palikuwa na 30. Lita 30, bila betri, bila mtandao, kwa muda ambao mimi ningekuwa bado naandika namba ya siri ya simu. Akaendelea: umekwenda maili za baharini 40 kwa dakika 20, kasi yako ni ipi? Akaweka 40 juu ya 20, akasoma penye 60.

"Kumi na mbili," nikasema, nikijiona nimeelewa.

"Mia na ishirini. Sifuri unaiweka mwenyewe."

Hapo ndipo saa hii iliponinasa. Ile pete ni rula ya mviringo ya kukokotolea, na haikuwekei sifuri za mwisho wala nukta ya desimali. Inakupa tarakimu tu; ukubwa wake unatoka kichwani mwako. Asiyejua ndege yake inakwenda kasi gani anaweza kusoma 1.2, 12 au 1,200, na saa haitambishia. Ni chombo kinachomtaka mwenyewe awe anajua kazi, na vyombo vya namna hiyo vimebaki vichache sana.

Nikamuuliza ni lini mara ya mwisho aliitumia akiwa hewani, kwa kazi, si kwa kuwatisha wageni. Akacheka mpaka kikombe kikatikisika. "Hewani kuna GPS, bwana mdogo."

Basi mjadala mzima wa Breitling, kwa maoni yangu, umo ndani ya kicheko hicho. Kitu kinachoifanya Navitimer iwe Navitimer ni ile pete, na pete hiyohiyo ndiyo inayoiharibia mambo mengi. Inajaza uso, inazuia saa isizibwe vizuri maji yasiingie, na inafanya hesabu ambazo hakuna anayezihitaji tena kutoka mkononi mwake. Ukiipenda, ipende ukijua hivyo.

Zamani hali ilikuwa nyingine. Léon Breitling alifungua karakana yake mwaka 1884 kule Saint-Imier, katika milima ya Jura nchini Uswisi, na tangu mwanzo shughuli yake ilikuwa saa zenye kipimo cha muda cha kuanzisha na kusimamisha, ambazo wapenzi wake huziita krono. Mwanawe Gaston, mwaka 1915, alikitenga kitufe cha kuanzishia kipimo na kile kichwa cha kutilia ufunguo. Mjukuu, Willy, mwaka 1934 akaongeza kitufe cha pili cha kurudisha mshale kwenye sifuri peke yake. Leo tunaona vitufe viwili ubavuni mwa saa kama jambo la kawaida. Kabla ya hapo kitufe kimoja kilifanya yote kwa zamu: anza, simama, rudi sifuri. Ukisimamisha kipimo kwa bahati mbaya katikati ya safari, huwezi kukiendeleza. Kwa rubani anayekadiria alipo kwa kasi na dakika tu, hiyo ni hatari.

Mwaka 1938 kampuni ikaanzisha idara ya Huit Aviation, ya kutengeneza saa za kubandikwa ndani ya chumba cha rubani. "Huit" ni nane kwa Kifaransa, maana ukizitia ufunguo mara moja zilikwenda siku nane. Mwaka 1942 ikatoka Chronomat, krono yenye rula ya kukokotoa, iliyolengwa zaidi kwa wahandisi na watu wa hesabu. Navitimer ikafuata mwaka 1952, rula yake ikiwa imepangwa upya kwa hesabu za angani, na uso wake ukabeba mabawa ya AOPA, chama cha marubani na wamiliki wa ndege cha Marekani. Kwenye pete kuna alama tatu ambazo hadi leo wengi wanaoivaa hawazijui: NAUT (maili za baharini), STAT (maili za nchi kavu) na KM. Weka 40 kwenye NAUT, soma penye KM, utapata 74. Hiyo ni maili za baharini kwenda kilomita, na jibu ni sahihi.

Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba hadithi ya urubani ni ya kubandika. Chapa kadhaa zimejitangaza kuwa za marubani kwa sababu zina mshale mkubwa na ukanda wa ngozi ya kahawia. Breitling ilikuwa na kazi kweli ndani ya ndege.

Tukija kwenye mashine, hapa ndipo sifa zake zisizohitaji hadithi zilipo. Kwa miaka mingi Navitimer za otomatiki zilitumia Valjoux 7750, mashine ya Uswisi ya miaka ya 1970 iliyomo ndani ya saa za chapa nyingi. Ni punda wa kazi. Haina madaha, haichoki, na fundi mzuri anaijua kama anavyoijua njia ya kwenda kwake. Lakini ukibonyeza kitufe chake unasikia ugumu, kama swichi ya ukutani, na mshale wa sekunde huruka kidogo unapoanza. Uzito wake wa kujitilia ufunguo hufanya kazi upande mmoja tu; ukizungukia upande wa pili unazunguka bure, kwa kasi, na saa inatikisika juu ya mkono. Wako wanaoupenda mtikisiko huo. Mimi nauona kama meza yenye mguu mmoja mfupi.

Mwaka 2009 Breitling ikatoa mashine yake yenyewe, B01. Vitufe vyake vinaongozwa na gurudumu lenye vinguzo, na kiunganishi chake ni cha wima, kwa hiyo mshale unaanza kutembea bila kuruka. Nilikibonyeza cha Kapteni mara kadhaa mpaka akanitazama vibaya. Kinashuka laini, kinakata mahali pamoja kila mara. Na akiba ya kamani, ile springi inayoiendesha saa, ni saa 70: ivue Ijumaa jioni saa kumi na mbili, iache juu ya kabati, Jumatatu asubuhi saa mbili bado inatembea na huhitaji kuirekebisha. Ushahidi wa ubora wake ambao mimi nauamini kuliko matangazo ni huu: Tudor, ndugu wa Rolex, ilipotaka krono yake, ilichukua mashine inayotokana na B01, na Breitling nayo ikachukua kwa Tudor mashine ya saa zake za kawaida. Watu wa ukoo wa Rolex hawaazimi sufuria kwa jirani ovyo.

Nimesema saa mbili asubuhi, na hapo kuna kichekesho chetu sisi. Sisi hutazama mshale kwenye 8 tukasema saa mbili bila hata kufikiri. Rubani yuleyule, dakika ileile, akiwa Dar es Salaam anaandika 0500 kwenye karatasi zake za safari, maana ulimwengu wa ndege unafuata UTC, saa moja ya pamoja ya dunia nzima, na sisi tuko mbele yake kwa saa tatu. Kapteni aliniambia miaka yote ya kazi alikuwa na saa tatu kichwani: ya ndege, ya ukutani, na ya mama watoto. Navitimer ya kawaida inaonyesha moja tu kati ya hizo. Ipo aina inayoonyesha saa ya pili, lakini hiyo utaongeza pesa.

Usahihi? Breitling ilijifunga kupeleka mashine zake zote COSC, taasisi ya Uswisi inayozipima kwa siku 15, katika mikao mitano na viwango vitatu vya joto. Mashine inayofaulu inaruhusiwa kuchelewa sekunde 4 au kuwahi sekunde 6 kwa siku. Ni kazi kubwa kwa kitu kinachoendeshwa na springi na magurudumu. Ila piga hesabu: sekunde 6 mara siku 30 ni dakika tatu kwa mwezi. Casio ya plastiki, ya bei ya kilo nne za nyama, itakosea sekunde 15 hivi kwa mwezi huohuo. Anayenunua saa ya kamani ili awahi ofisini amepotea njia. Na Breitling wenyewe wanalijua hilo. Mwaka 1985 walitoa Aerospace, saa ya betri yenye tarakimu za dijitali ndani ya uso wa mishale, nyepesi, ya titani. Ukinilazimisha kuchagua saa ya chapa hii kwa ajili ya kufanya kazi hasa, nitachagua hiyo na kuiacha Navitimer dukani. Haina mvuto wowote. Inafanya kazi.

Vilevile mwaka 1995 ilitoka Emergency, ambayo ndani yake mna kisambaza mawimbi cha kuomba msaada; unafungua, unavuta antena, inaita kwa masafa ya megahezi 121.5. Setilaiti za uokoaji ziliacha kusikiliza masafa hayo mwaka 2009, ikabidi litoke toleo jipya lenye masafa ya 406 pia. Kuna chapa gani nyingine ya anasa iliyojisumbua namna hiyo?

Sasa maji. Tarehe 24 Mei 1962 Scott Carpenter, mwanaanga wa Marekani, aliizunguka dunia mara tatu ndani ya chombo cha Aurora 7, mkononi akiwa na Navitimer ya aina ya Cosmonaute. Yeye mwenyewe ndiye aliyeiomba Breitling iwe na uso wa saa 24, kwa sababu kule juu jua linachomoza na kuzama mara kadhaa ndani ya muda mfupi na huwezi kujua kama 7 ni ya asubuhi au ya jioni. Safari ilikwenda, lakini chombo kilitua baharini mbali na palipokusudiwa, kwa takribani kilomita 400, naye akakaa saa kadhaa kwenye mtumbwi wa kupuliziwa akisubiri kuchukuliwa. Saa iliingia maji ya chumvi ikafa. Breitling ikampa nyingine. Ile ya asili ilifichwa mpaka mwaka 2022, na ilipoonyeshwa hadharani, uso wake ulikuwa umelika, kutu tupu, wala hawakuitengeneza. Nadhani walifanya vizuri kuiacha hivyo.

Miaka 60 baadaye, tatizo halijaisha. Navitimer inahesabiwa kuhimili maji kwa mita 30 tu, na asiyezijua lugha za watengeneza saa atadhani anaweza kuzama nayo. Mita 30 kwenye saa maana yake ni kunawa mikono na mvua ya njiani. Sababu ni ileile pete: unaizungushia nje, lakini namba zake ziko chini ya kioo, kwa hiyo lazima kuwe na njia kati ya nje na ndani. Mimi naishi pwani. Niliwahi kuua saa, ya chapa nyingine ambayo nitaihifadhi jina lake, kwa kuogelea nayo Jumapili moja tu. Asubuhi yake kioo kilikuwa na ukungu ndani kama dirisha la daladala wakati wa masika. Fundi alipoifungua na kutega kioo chake jichoni, hakusema kitu. Aliigeuza tu upande wangu nione rangi ya chai kwenye skrubu.

Na udhuru wa "pete ndiyo inavyotaka" hauniingii sana, kwa sababu yupo aliyelitatua. Breitling ya zamani iliposhindwa biashara mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati saa za betri zilipowafagia Waswisi, Helmut Sinn, mwenye kampuni ya saa kule Frankfurt, alinunua vipuri na haki za umbo la Navitimer. Jina likaenda kwa Ernest Schneider, aliyeihamishia kampuni Grenchen na kuifufua kwa Chronomat ya mwaka 1984, iliyobuniwa pamoja na marubani wa maonyesho wa Italia, Frecce Tricolori. Hadi leo Sinn wanatengeneza saa iitwayo 903, ambayo ukiitupia jicho kwa mbali utaapa ni Navitimer. Pete yake iko ndani ya kioo na inazungushwa na kichwa chake maalumu ubavuni. Inahimili mita 200. Bei yake haifiki nusu ya ile ya Breitling. Kwa Kapteni hilo jina halitajwi.

Kuhusu bei: Navitimer B01 ilipofanyiwa sura mpya mwaka 2022 iliingia sokoni kwa karibu dola 9,000. Ukitoka nayo dukani, sehemu nzuri ya pesa hiyo unaiacha mlangoni. Krono ya Rolex watu wanaisubiri kwenye foleni na kuiuza kwa faida. Breitling ya mitumba inauzwa kwa punguzo, na Dubai zimejaa. Kwa mnunuzi mwenye subira hiyo ni habari njema: saa ya B01 ya miaka kumi iliyopita, yenye karatasi zake na kumbukumbu ya matengenezo, ni mashine ileile kwa pesa pungufu sana. Ila chukua yenye karatasi. Feki za Navitimer ni nyingi kuliko halisi huku mitaani, na kuzitambua hakuhitaji darubini. Bonyeza kitufe cha juu. Ukiona hakuna kinachotembea, au vile viduara vitatu vinaonyesha siku na mwezi, mrudishie mwenyewe kwa adabu na uondoke.

Kinachosahaulika ni gharama ya baadaye. Krono ni mamia ya vipande vilivyobanana. Kila baada ya miaka michache inafunguliwa, inasafishwa, inatiwa mafuta, mipira ya kuzuia maji inabadilishwa. Ile 7750 fundi mwenye mkono mzuri anaweza kuihudumia hapahapa. B01 itapanda ndege, na utalipia nauli yake, bima yake, na matengenezo yenyewe. Dhamana ya miaka mitano inasaidia, kisha inaisha. Mwenye duka akikuambia bei bila kukutajia hili, amekutajia nusu ya bei.

Lawama yangu kubwa kwa kampuni yenyewe ni tabia ya kutojiamini. Miaka ya 2000 saa zikavimba mpaka milimita 48, zikang'arishwa kama pikipiki ya bwana harusi. Mwaka 2017 kampuni ya uwekezaji ya CVC ikanunua sehemu kubwa ya hisa na kumweka Georges Kern kuiongoza. Mwaka uliofuata mabawa yakaondolewa kwenye nembo, na ikatoka saa iliyoitwa Navitimer 8. Haikuwa na rula. Navitimer isiyo na rula ni pilau isiyo na bizari: utaila, lakini usiiite pilau. Matangazo yakawa ya waigizaji, Brad Pitt na wenzake. Angalau John Travolta, mwigizaji wa matangazo yao ya zamani, alikuwa na leseni ya kurusha ndege.

Kern alirekebisha. Tukubali. Toleo la 2022 lina vipimo vya milimita 41, 43 na 46, mkono mwembamba umekumbukwa, na mabawa ya AOPA yamerudi juu ya uso. Ni Navitimer bora kuliko zote walizotengeneza kwa miaka mingi, nasema hivyo nikiwa nimetafuta sababu ya kutosema. Bado haisomeki vizuri usiku. Bado inaogopa bahari.

Kahawa ilipokwisha nilimuuliza Kapteni kama angekubali kuiuza, kwa bei ya mitumba, kwa mtu anayemfahamu na anayejua kuweka sifuri. Aliichukua mkononi mwangu, akabonyeza kitufe, akautazama mshale ukizunguka karibu nusu duru, akakibonyeza tena kitufe.

"Hii imeshaandikwa kwenye wosia," akasema, akifunga mkanda. "Na si jina lako."